Biriani Tayari

Kwa vile ile video yangu na stika ya bango ishafika Mpeketoni, na shangazi yangu wa Mombasa kashanipigia simu kuuliza nimeanza lini kuuza chakula, acheni niseme mwenyewe. Huyo rafiki yangu aliyeirusha WhatsApp kaukata mwanzo wote, na utetezi wangu uko mwanzoni.

Kazi ilikuwa bango la mama mmoja mwenye mkahawa hapa Lamu, ufukweni karibu na gati. Herufi nyekundu, mita mbili kwa urefu: BIRIANI TAYARI KARIBUNI. Sasa stika ya ukubwa huo, wadau, haitaki pupa. Unapangusa kibao kwa spiriti, unapima, unaishika katikati kwa tepu ya karatasi isitembee. Unabandua nusu ya karatasi ya nyuma, unaikata, unalaza huku skwiji, kile kibao bapa cha kusukumia, ikisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, ndipo unarudi nusu ya pili. Ukitaka usalama zaidi, unapuliza maji yenye matone ya sabuni, gundi ikupe nafasi ya kusogeza kabla haijashika. Haya yote niliwahubiria wazee wa barazani, kifua wazi, kikoi kiunoni. Nikawaeleza hata kubandua tepu ya juu, ile inayobeba herufi: usivute kwenda juu, ilaze nyuma, polepole.

"Mama, mapovu utayaona kwa jirani," nikamwambia.

"Sawa mwanangu, lakini boti ya Mokowe hiyo yaja na wageni."

Basi nikabandua karatasi yote kwa mpigo, kavu kavu. Mwenzangu kashika ncha ya pili kwa mkono mmoja. Mkono wa pili, mshaujua ulikuwa na nini.

Kusi ikaja.

Kwanza nikaona tumbo la stika limejaa upepo. Nikasema, "Shika!" Akasema, "Nimeshika!" na papo hapo akaachia. Ncha ile ikapaa, ikasimama hewani kidogo (kwenye video hapo ndipo alipoweka muziki), ikanigeukia. BIRIANI ikanitua kifuani, pap. Nikazunguka kuikimbia, na kumbe kuzunguka ndiko kujifunga. TAYARI ikapita kwapani ikashika mbavu. KARIBUNI ikateremka nyuma ikatua juu ya kikoi, mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hakaribishi mtu.

Boti ikafunga gati. Abiria wakapanda ngazi mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anajua kusoma. Mtoto mdogo akanisoma kwa sauti: "Bi... ri... a... ni." Mama yake akamvuta mkono kabla hajafika nyuma.

Mzee mmoja barazani, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitania, akauliza, "Fundi, sahani pesa ngapi?"

Lakini kinachoniuma zaidi, jamani, ni hiki: hapakuwa na povu hata moja. Wala mkunjo. Jasho lilifanya kazi ya maji ya sabuni, stika ikalala kifuani safi kuliko kibao chochote nilichowahi kubandika. Ningejipiga picha ya matangazo kama ningekuwa na mkono huru.

Kuitoa sasa. Nikavuta, nywele zikaja nayo, nikatoa sauti ambayo naombeni mwenye video aizime. Wazee kwa pamoja: "Usivute juu! Ilaze nyuma! Polepole!"

Mama akatoka jikoni na chupa ya mafuta ya kupikia, akaelekeza nijipake pembezoni ili gundi iachie. Ikaachia, na sehemu ya kifua changu ikaenda nayo. Nikakata stika nyingine, nikaibandika alfajiri upepo haujaamka, kwa maji ya sabuni, nusu kwa nusu. Povu moja tu lilitokea chini ya herufi Y, nikalitoboa kwa sindano nikalisukuma. Bango liko pale, nendeni mkalione.

Mama kanilipa. Kakata pesa ya mafuta.