Nataka Utulivu wa Ziwa Nyasa, Nimepewa Kamati

Kariakoo duka langu la nyaya na swichi limebanwa na vipaza sauti viwili. Kulia ni cha viatu: "Buku tano, buku tano, chagua mwenyewe!" Kushoto ni cha dawa ya panya, mende, kunguni, chawa na viroboto, na hiyo orodha haijawahi kuruka mdudu hata mmoja. Zote ni rekodi. Binadamu angekaukwa koo akanyamaza kidogo anywe maji. Rekodi haina koo. Kwa hiyo nikisema nataka kwenda kukaa kando ya maji, mahali pasipo na mtu, nisisikie hata kunguni akitajwa, mwenye akili zake hatakiwi kuniuliza kwa nini.

Nilikwisha kata shauri. Juni, masika yakishakatika na kiangazi ndiyo kinaingia, mimi na mama watoto, Matema. Wawili tu. Watoto wabaki kwa shangazi yao Mbagala, yaani dada yangu, mtu mwema asiye na makuu.

Kwa asiyepajua, Matema iko Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Milima ya Livingstone inashuka mpaka inaingia majini, ufuko ni wa mchanga, maji hayana chumvi, na barabara ikifika pale ndiyo imefika. Mbele mlima umeziba. Anayekwenda vijiji vya mbele hupanda mtumbwi au huenda kwa miguu. Hicho ndicho kilichonivutia: hakuna mtu anayepita Matema akielekea kwingine. Hakuna wa kukwambia "nilikuwa napita, nikaona niwasalimie." Sisi pale Tabata tuna mjomba anayepita kila Jumapili saa ya wali, na mpaka leo hatujui huwa anaelekea wapi.

Basi nikampa binti yangu simu atafute pa kulala. Akaandika jina la ziwa, zikaja hoteli nzurinzuri, bei kwa kwacha. Zote za Malawi. Ziwa lina nchi tatu, simu imejichagulia moja. Mama watoto akaipenda mojawapo kwa sababu ina bembea. Nikamwambia hiyo iko nchi ya watu, itabidi twende na pasi ya kusafiria. Akasema, "Umeshaanza kubania na hata mfuko hujafungua."

Ikabidi niulize watu. Na mji huu ukimuuliza mtu habari za mahali, umeshamwalika. Nikamfuata jirani yangu wa fremu ya tatu, muuza mchele, Mnyakyusa wa Ipinda. Nikaingia kwa kuzunguka.

"Hivi Juni kule kwenu hali ya hewa ikoje?"

"Unakwenda lini?"

"Sijasema nakwenda."

"Mko wangapi?"

Sijamjibu ameshampigia kaka yake. Wamezungumza Kinyakyusa mpaka salio likaisha, na katika mazungumzo yote hayo mimi nimeambulia maneno mawili tu: jina langu, na "Kosta".

Kufika jioni Kariakoo nzima inajua. Na wasiosafiri ndio wenye maagizo. Mama lishe anataka mchele wa Kyela, ule wa kunukia, gunia tu, si zaidi. Fundi wangu anataka parachichi za Tukuyu "kwa kuwa unapita." Mlinzi wa usiku kaagiza mkungu wa ndizi. Halafu kuna bibi mmoja wa mtaani kwetu, kasikia kwamba pale karibu na Matema, Lyulilo, Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi. Ni kweli lipo, na vyungu vya Wakisi vinasifika nchi nzima. Bibi anataka vikubwa. Nikamwambia bibi, vyungu vinavunjika, na safari ni zaidi ya kilomita 900. Akanijibu, "Utavipakata, mwanangu."

Wakaja na mabingwa wa njia. Mwanaume wa nchi hii anaweza asijue mtoto wake yuko darasa la ngapi, lakini Dar mpaka Mbeya anaijua tuta kwa tuta. Kila mmoja ananiuliza gari gani, nikisema IST wanatazamana. Mmoja akaniambia nitakwama Kitonga, ule mlima wa Iringa wenye kona na malori, na kwamba kabla ya kupanda nisimame Ruaha Mbuyuni ninunue vitunguu. Nikamuuliza vitunguu vinasaidia nini kwenye mlima. Akasema havisaidii, ila ni vya bei rahisi. Mwingine akanitisha na Mikumi, barabara inakatiza hifadhini kilomita 50, na kuna kibao kinachoorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. Nimekaa usiku nikipiga hesabu. Ukilinganisha na bei ya IST yangu, nikigonga twiga ni bora niwaachie gari na bado nibaki nikidaiwa.

Baba mkwe ndiye aliyenikalisha kitako. Yeye hataki kusikia habari ya gari wala basi. TAZARA! Alikuwa kijana wakati Wachina wanaijenga reli hiyo, kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na katika familia yetu hakuna mlo uliopita bila kilomita hizo kutajwa. "Unakaa dirishani," anasema, "tembo huyo, swala hao, mahandaki, madaraja, unafika Mbeya umeshakuwa mtu mwingine." Nikamwambia mzee, mimi nataka kufika nikiwa huyuhuyu, ila nimepumzika. Akanyamaza. Kisha akauliza kama behewa la kulala lina nafasi ya wanne. Wanne! Hapo ndipo nilipoanza kuhisi.

Mizigo nayo. Mimi akilini mwangu nakwenda ufukweni, nimejinunulia kaptura na kofia ya majani. Nikaambiwa Juni njiani, kule Makambako na Uyole, baridi inang'ata, watu wanatembea na makoti mchana kweupe. Mama watoto akaandika mablanketi. Tukaambiwa ukishateremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni joto na mbu. Akaandika neti na feni. Nikamwambia feni wanayo wenyewe hotelini. Akasema, "Umewauliza?" Basi nikapiga simu.

Kijana aliyepokea ni mpole, lakini nyuma yake kuna upepo unavuma ajabu.

"Karibu, bosi. Bei ya mgeni au ya mwenyeji?"

"Mimi ni Mtanzania."

"Basi ya mwenyeji. Ila chai ya asubuhi haimo."

"Ya mgeni chai imo?"

"Imo. Na matunda."

"Feni?"

"Feni ipo, umeme ndiyo hutegemea."

"Mtandao?"

"Mtandao unapatikana, bosi, ukisimama pale kwenye mwembe."

"Na huo upepo?"

"Huu ni kusi, bosi. Juni mpaka Agosti ndiyo wenyewe. Ukianza unachafua ziwa, wavuvi hawaingii. Lakini ukitulia! Ukitulia unaona samaki mpaka chini."

Hapo ndipo aliponikamata, kijana mjanja yule. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, wengi wadogo wa rangirangi, wale ambao Wazungu hununua ghali wakawafugia sebuleni. Nikajiona nimekaa kwenye mchanga, naangalia samaki bure, mbele yangu mbasa wa kuchoma, nyuma yangu mlima, na mwembe wa mtandao uko mbali kabisa, hakuna wa kunishika. Nikamtumia malipo ya awali ya chumba cha watu wawili kabla hata hajamaliza kutaja namba.

Kumbe mama watoto, kwa upande wake, alimuaga mama yake. Huwezi kumlaumu, mtu humuaga mzazi. Mama mkwe akapiga simu usiku. Amesikia ziwa hilo kina chake ni karibu mita 700, la pili Afrika baada ya Tanganyika. "Mwanangu hajui kuogelea." Nikamwambia mama, hata mita mbili zinatosha kwa asiyejua kuogelea, hizo nyingine ni za ziada. Haikumtuliza. Akaja na mamba kwenye midomo ya mito. Akaja na viboko. Akaja na kichocho, tena akanieleza konokono anavyohusika, maana aliwahi kufanya kazi zahanati. Nikamjibu moja baada ya jingine mpaka akaishiwa, akavuta pumzi, akasema: "Basi bora nije mwenyewe nimwangalie."

Kuanzia hapo simu yangu haijanyamaza. Mama mkwe hasafiri peke yake, anakuja na baba mkwe, kwa hiyo behewa la wanne likapata maelezo. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, akasema wazee hawawezi kwenda mbali hivyo bila kijana. Huyo kijana ana miaka arobaini na kitu, ana mke na watoto wanne. Mjomba wa Jumapili akasema yeye Juni alikuwa na mpango wa kupita maeneo ya Kyela. Likafunguliwa kundi la WhatsApp, jina "MATEMA UTULIVU", na siku hiyohiyo lilipofunguliwa nikakuta ujumbe zaidi ya mia, nusu yake maua na "amina".

Na sisi watu wakizidi kumi hatuwezi kukaa bila kamati. Mwenyekiti ni baba mdogo wa mama watoto, ambaye mimi nilikuwa sijawahi kumwona. Katibu ni shemeji. Mweka hazina wakamtafuta mtu mwaminifu asiyekula hela za watu, wakampata dada yangu. Yule wa Mbagala! Nikampigia.

"Dada, si wewe unabaki na watoto?"

"Mdogo wangu, watoto nao si wanakwenda?"

Kikao cha kwanza kilifanyika nyumbani kwangu, kwa chakula changu. Ajenda ya kwanza sare. Kinamama kitenge, kinababa fulana, na nyuma ya fulana yaandikwe MATEMA UTULIVU. Wakabishana rangi mpaka saa nne usiku; bluu ya ziwa ikashindwa na rangi ya maziwa kwa sababu kuna shangazi mmoja bluu haimkubali. Ajenda ya pili usafiri: IST ikakataliwa kwa kauli moja, likapita Kosta, na dereva amepatikana, ni kaka wa muuza mchele, Ipinda. Ajenda ya tatu, mimi nikiwa jikoni nakata tikitimaji, wakapitisha MC na spika mbili kubwa za usiku wa kwanza. Nikatoka na kisu mkononi, nikasema jamani, pale watu wanakwenda kwa ajili ya ukimya. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akasema hoja ya mwana imepokelewa, MC ataambiwa asipige muziki wakati wa kula.

Yule kijana wa mapokezi akanipigia kesho yake, sauti imebadilika. Katibu wetu amempigia kuulizia ukumbi.

"Bosi, si ulisema wawili?"

"Nilisema."

"Sasa hawa wengine?"

"Hao ni wa katibu."

Akaniambia vyumba havitoshi, ila ufuko ni mkubwa, tukija na mahema tutaenea. Na chumba changu cha wawili, kile cha pembeni kabisa kilichojitenga, katibu amekwisha omba wapewe wazee, kwa kuwa wazee wanahitaji utulivu.

Jana usiku mweka hazina ameweka kundini orodha ya michango. Mistari ya kijani waliolipa, mistari myekundu wanaodaiwa. Mjomba wa Jumapili yuko kwenye kijani. Sijui kapitia wapi akapata hela. Jina langu liko kwenye nyekundu, la pili kutoka juu. Nikaandika kwamba mimi nilituma hela moja kwa moja hotelini tangu mwanzo, kabla kundi halijazaliwa. Dada yangu akajibu mbele ya ukoo mzima: "Malipo yasiyopitia kwa mweka hazina hayatambuliki. Mwisho Ijumaa. Asiyekamilisha, siti yake kwenye Kosta anapewa rafiki wa shemeji."

Nikageuka kumwangalia mama watoto nikitegemea atanitetea. Alikuwa anachagua emoji ya kupiga makofi. Yake alikwisha lipa wiki iliyopita.