Wachimba vyoo wa Sanga wafundishwe kwanza

Sisi wa Lubumbashi, huku Kongo, tumezoea kuhesabu historia yetu tangu 1910, Wabelgiji walipoanza kuujenga mji huu kwa ajili ya shaba. Anayeona kwamba Katanga, eneo letu la kusini mashariki mwa Kongo, haina mji wa kale aende Sanga, kando ya ziwa Kisale, mkoa wa Haut-Lomami. Huko watu wamekaa tangu karne ya 8 hivi, na mpaka leo wapo, wanavua, wanakausha samaki, wanazika wafu wao. Nchi kavu juu ya vinamasi ni kidogo, kwa hiyo waliopo wanajenga juu ya waliotangulia.

Wachunguzi wa mambo ya kale walichimba pale: Jean Hiernaux 1957, Jacques Nenquin 1958, kisha Pierre de Maret miaka ya 1970. Kati ya vyungu walivyotoa makaburini kuna majiko ya udongo, madogo, ya kubebwa ndani ya mtumbwi. Wavuvi wa Kiluba wa zama zetu wanayajua majiko ya aina hiyo. Mimi jiko hilo linanigusa kuliko dhahabu yote ya Misri.

Halafu kuna misalaba ya shaba, ile iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960. Katika makaburi ya kuanzia karne ya 14 hivi, maiti aliwekewa msalaba mkubwa kifuani. Baadaye ikaja midogo midogo, ya vipimo vinavyokaribiana, imerundikwa penye mikono au nyonga. Hapo ndipo wataalamu walipotambua kwamba shaba imekuwa pesa. Waliyajua hayo kwa sababu waliikuta misalaba mahali pake. Mtu akichimba choo, jembe likagonga msalaba, akautoa, akaung'arisha na kumuuzia mpita njia, shaba itabaki. Kama ilikuwa kifuani au mkononi, hakuna atakayejua tena.

Wapo wanaosema watu wahamishwe, eneo lizungushiwe ukuta. Nakataa kabisa. Utamhamisha vipi mvuvi mbali na ziwa, halafu ujidai unachunguza maisha ya wavuvi? Wala sioni faida ya kungoja msafara mwingine wa maprofesa, wakati mashimo ya vyoo, misingi ya nyumba na udongo wa matofali vinachimbwa kila kiangazi.

Watafiti waanze na mafundi waashi, wachimba visima na wafyatua matofali. Wafundishwe kutambua kaburi la zamani, kuacha kila kitu kilivyolala, kufunika, kumwita shefu wa kijiji, naye awaite watu wa makumbusho ya Lubumbashi. Ila mwenye parseli, yaani kiwanja, ana familia na mvua inakaribia. Ukimwambia asimamishe choo kwa ajili ya historia tu, atakuitikia ndiyo mukubwa, kisha usiku aendelee kuchimba. Gharama ya shimo la pili, pamoja na malipo ya vibarua, iingie kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kwenye ukurasa uleule wa mafuta ya gari.