Ukiripoti kuharisha, nani analipa?

Tangu mvua ianze hapa Nyalenda, mtaa wetu wa Kisumu, kuna ubishi hauishi juu ya kuripoti mtu anayeharisha akishukiwa ana kipindupindu, na mi naona pande zote mbili ziko na ukweli, ndo maana hauishi. Jirani yetu anakaanga samaki kando ya barabara. Watu wawili wa plot yake wakaharisha maji maji usiku mmoja, dada mmoja wa CHP, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, akafanya venye alifundishwa, akatuma ripoti kwa simu, na kesho yake watu wa afya wakaingia wakamwambia mama afunge mpaka majibu ya maabara yatoke. Siku nne. Majibu yakarudi, si kipindupindu. Samaki ilishaoza, wateja walishahama, na hakuna mtu alirudi kusema pole. Mama akamkuta dada kwa bomba la maji akamuuliza mbele ya watu, "Dada, kwani nilikukosea nini? Si ungeniambia kwanza?"

Sasa kwa upande wa dada, kipindupindu hakingoji mtu. Kinaeza kuanza saa chache tu baada ya kumeza vijidudu ama kikae hadi siku tano, na mtu akiishiwa na maji mwilini anaeza kufa siku hiyo hiyo, lakini akipata ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwa maji, ama dripu mapema karibu wote wanapona. Kuotesha sampuli kwa maabara nayo inataka siku mbili tatu. Ukisema tungoje uhakika kwanza, hizo siku mvua imeshabeba choo ya plot moja ikaipeleka kwa kisima cha plot ingine, na anayeijua Nyalenda anajua visima vyetu na vyoo vinalala kitanda kimoja. Ndo maana kinaripotiwa kikiwa bado cha kushuku, ndani ya masaa 24. Tena sheria ya Afya ya Umma, ile Sura ya 242, haijamwachia daktari peke yake, hata mkuu wa familia akijua kuna mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza kwake anatakiwa kupeleka habari. Nani hapa mtaani anajua hivyo? Mi mwenyewe nilijua juzi tu.

Lakini mama naye si mjinga, na hili ziwa letu la Victoria lina historia yake. Mwisho wa 1997 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki fresh kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji juu ya kipindupindu, marufuku ikakaa hadi katikati ya 1998, na hiyo ni licha ya WHO, Shirika la Afya Duniani, kusema hatari ya ugonjwa kupitia chakula cha kuuzwa nje ni ndogo sana. Yaani nchi ikisema ukweli inalala njaa. Baadaye zile kanuni za afya za kimataifa za 2005 zikajaribu kurekebisha hiyo, nchi iripoti ndani ya masaa 24 baada ya kupima uzito wa tukio, na wengine wasiifungie biashara bila sababu ya kisayansi. Sasa kama serikali nzima ilihitaji kukingwa hivyo ndo iseme ukweli, huyu wa karai moja la mafuta anakingwa na nani?

Na dada pia msimsahau. Analipwa 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu nusu kaunti, na anaishi na hao hao anaowaripoti, anachota maji nao, anaazima chumvi kwao. Daktari akiripoti anarudi kwake Milimani kwa matajiri, yeye anarudi plot.

Mi kosa siioni kwa ripoti, naiona kwa ile kufuli iliyokuja nyuma yake. Wangeanza kwa kutia klorini kisima, wagawe ORS, wachukue maji na chakula wapime, alafu kibanda kifungwe kukiwa na kitu kinaelekeza kwa chakula, juu hapo wale wawili hata hawakuwa wamekula samaki wa mama, hakuna mtu aliwauliza. Najua afisa atasema siku moja utaacha kibanda wazi na kumbe ndicho kinaua, na hiyo siwezi kuipinga, imewahi kutokea kwingi. Ila kwa hizi siku nne ubaya wote ulimwangukia mtu mmoja. Na majibu yaliporudi yakaishia ofisini, CHP aliyeripoti akayasikia kwa watu.

Juzi mtoto wa plot ile ile aliharisha usiku kucha. Walimnunulia Flagyl kwa duka la dawa, wakafunga mlango wakanyamaza. Dada alijua siku ya tatu, na mwenye duka ndo alimwambia.