Mbwa mzee na yai: bichi au la kuchemsha?

Baridi ya Juni ikianza kukaza huku Mbeya, mbwa wazee ndio wanaoumia kwanza. Anaamka kwa kujikongoja, mbavu zinahesabika, ugali anaunusa na kuuacha. Hapo hakosekani jirani wa kukwambia: mvunjie yai bichi, atasimama huyo.

Jirani hajapotea sana. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na mbwa anayepungua misuli kwa uzee anaihitaji kuliko ule ugali na mchuzi wa dagaa tunaompa kila siku. Hata hofu ya ute imekuzwa mno. Ni kweli ute mbichi una avidini, inayoing'ang'ania vitamini iitwayo bayotini isiingie mwilini, lakini kiini chenyewe kimejaa bayotini. Yai zima mara mbili kwa wiki halitamnyonyoa mbwa manyoya.

Salmonela, bakteria inayosababisha kuhara, ndiyo inayonipa shida. Watetezi wa yai bichi husema tumbo la mbwa ni kali, mbona anakula mizoga? Sawa, mbwa wengi wenye afya huipitisha bila kuugua. Swali ni anaipitishia wapi: uani, wanakocheza watoto, na kwa ulimi uleule anaowalambia mikono. Tena huyu ni mzee, kinga yake si ya ujanani, na yai la kienyeji mara nyingi linatoka kiotani na kinyesi kimegandia kwenye ganda.

Wafugaji wa kuku wana hoja yao pia, na mimi naiheshimu: mbwa akishaonja yai bichi, viota havina usalama tena.

Sasa pima. Moto unaua salmonela, unaiharibu avidini, na ute ulioiva humeng'enywa vizuri kuliko mbichi. Kinachopotea ni vitamini kidogo. Kwa gharama ya mkaa wa dakika kumi, sioni ubichi unaleta faida gani.

Chemsha likaze, likatekate, changanya na ugali laini. Usilikaange, mafuta mengi yanaweza kulivimbisha kongosho lake. Na lile lililobaki la muuza mayai wa stendi, lenye kachumbari, usimpe kabisa: kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Ila kama anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa hovyo, mwone kwanza daktari wa mifugo. Huenda ni figo, na kiini kina fosforasi nyingi, kiwe kibichi au kimeiva.