Nani alisema walikuwa wakikisia?

Wiki iliyopita nilihudhuria warsha ya umwagiliaji, na huko mtoa mada akatutangazia, bila kupepesa macho, kwamba kabla ya vipimo vya kisasa wakulima wa nchi kame walikuwa "wakikisia tu" maji. Mheshimiwa huyo alikuwa amechelewa dakika 40. Kwa mkulima wa Oman hiyo ni athar moja na theluthi, na anayechelewa kiasi hicho hukuta maji yameshahamia shamba la jirani.

Athar ni nusu saa. Katika vijiji vya falaj, yaani mfereji wa pamoja unaoleta maji kijijini, maji yakishapita sehemu ya kunywa na ya msikitini, huingia mashambani kwa zamu zinazohesabiwa kwa athar, na zamu hizo hurithiwa, huuzwa na hukodishwa kama mali nyingine yoyote. Mchana watu walisimika mti mahali pa wazi na kuweka alama ardhini. Kivuli kikifika kwenye alama yako, jirani anaziba njia yake nawe unafungua yako. Usiku walisoma nyota. Kila kijiji kilikuwa na orodha yake ya nyota ishirini na kitu, zenye majina, na nyota fulani ikichomoza juu ya mlima wa kwao, zamu ilibadilika, hata kama mwenye shamba alikuwa bado anapiga miayo. Huyo ndiye anayeitwa mkisiaji.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nusu saa haikuelezi ni lita ngapi zimeingia shambani. Anayetaka kujua hilo atahitaji kifaa kama kile alichokibuni mhandisi Ralph Parshall huko Colorado, Marekani, katika miaka ya 1920: mfereji mfupi unaobanwa katikati, sakafu yake ikainama ghafla, hivi kwamba ukisoma kina cha maji mahali pamoja tu unajua kiasi kinachopita, na mchanga uliokuwa ukijaa nyuma ya vizuizi vya zamani unasombwa na maji yenyewe. Sina neno na kifaa hicho.

Neno langu ni juu ya kile kinachogawanywa. Anayegawa kwa saa anagawa na upungufu pia: falaj ikipungua kwa robo, kila mwenye athar amepungukiwa robo, awe na mitende mia au mitatu, na hakuna haja ya kikao. Anayegawa kwa ujazo ameahidi kiasi, na ahadi ya kiasi huutaka mto uitimize. Kwa sheria ya Colorado, aliyetangulia kuyatumia maji hupata kipimo chake kamili kwanza, na mwaka wa ukame aliyekuja nyuma hufungiwa lango. Kisha tazama Novemba 1922, Parshall akiwa bado anahangaika na kifaa chake: wawakilishi wa majimbo saba walitia saini mkataba uliogawa mto Colorado, mita za ujazo zipatazo bilioni 9.25 kwa mwaka kwa majimbo ya juu na nyingine kama hizo kwa ya chini, kwa kutegemea takwimu za miaka iliyokuwa na maji mengi isivyo kawaida. Mwaka 1944 Meksiko nayo ikaahidiwa fungu lake. Mto haukuwahi kusaini chochote, na tangu mwaka 2000 umekuwa ukitoa pungufu kwa mbali. Milango ya mifereji inapimwa kwa usahihi wa kupendeza. Kilichokisiwa ni mto mzima.

Falaj si pepo. Asiye na hisa hununua zamu mnadani, na pampu za visima zimeshusha maji ya ardhini ambayo hakuna nyota inayoweza kuyarudisha.

Wakati wa maswali niliuliza: maji yakipungua, kifaa chenu kinamkata nani kwanza? Nilijibiwa kwamba hilo ni suala la sera, si la vipimo, na tukaombwa tuelekee kwenye chai.