Kaka, Juni 19 inatuhusu

Jumapili usiku, kwenye kundi letu la Waswahili wa Houston, kaka mmoja ninayemheshimu sana aliandika: "Alhamisi hakuna kazi, ni Juneteenth, sikukuu ya Wamarekani weusi. Sisi haituhusu. Nani analeta mbuzi?" Watu wakamiminika na vidole gumba. Nilianza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Namjibu hapa, kwa heshima zote, kwa sababu hilo neno "haituhusu" limeninyima usingizi.

Kutoka hapa hadi Galveston ni kama kilomita 80. Watoto wetu wanaogelea kule kila kiangazi. Ndiko alikofikia Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Kaskazini na askari wake Juni 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, na tarehe 19 ikasomwa Amri Namba 3: watumwa wote ni huru. Texas ilikuwa na watumwa wapatao 250,000 wakati huo. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilikuwa limeshaanza kazi tangu tarehe 1 Januari 1863. Hesabu mwenyewe: miaka miwili na nusu.

Kila Juni nasikia watu wakisema habari "zilichelewa kufika Texas", na kauli hiyo inaniudhi kuliko zote. Habari hazikuchelewa. Meli huchelewa, barua huchelewa. Wenye mashamba walijua. Walijua vizuri hata wakawa wanawaswaga watu wao kutoka Louisiana na Mississippi kuwaleta Texas, ili jeshi la Kaskazini lisiwafikie. Anayejua kukukimbiza mbali na uhuru wako, habari zako anazo. Na hata Granger alipokwisha kufika, wapo mabwana waliofunga midomo mpaka pamba ilipovunwa. Hebu mtazame mtu huyo. Ameinama tangu alfajiri, ncha za vidole zimechanika kwa maganda makavu ya pamba, jua la Texas liko mgongoni. Kisheria ni huru. Jioni anapeleka gunia lake likapimwe, na yule anayesoma mizani anajua.

Amri yenyewe nimeisoma mara nyingi, ni fupi mno. Baada ya kutangaza uhuru, inataja usawa kamili wa haki kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa. Halafu inawashauri walioachwa huru wabaki kwa utulivu pale walipo, wafanye kazi kwa ujira, wasikusanyike kwenye kambi za jeshi, na inawaonya kwamba hawatalishwa wakikaa bure. Watu waliolimishwa bila senti tangu kuzaliwa wanaonywa kuhusu uvivu siku ileile wanayoambiwa kuwa huru. Nikifika hapo machozi hunilengalenga.

Najua yatakayosemwa. Ni kweli, siku hiyo haikumaliza utumwa Marekani nzima. Kentucky na Delaware walisubiri marekebisho ya katiba ya Desemba 1865. Ni kweli pia maduka yameigeuza biashara. Sawa.

Lakini tazama watu hawa walifanya nini na siku yao. Mwaka 1872, miaka saba tu tangu waachwe huru, Weusi wa Houston wakiongozwa na mchungaji Jack Yates walichangishana wakanunua ekari 10 za ardhi wapate mahali pao pa kusherehekea. Ndiyo Emancipation Park, ipo mpaka leo pale mtaa wa Third Ward. Fikiria mahitaji yao mengine yote: nyumba, ng'ombe, viatu vya watoto, ndugu waliouzwa mbali ambao bado walikuwa wanatafutwa. Katika umaskini huo walitoa fedha kununua mahali pa kukumbukia. Kwa miaka mingi baadaye ndiyo ilikuwa bustani pekee ya jiji ambayo Mweusi aliruhusiwa kuingia. Na Bi Opal Lee wa Fort Worth, ambaye kundi la wazungu liliivunja na kuichoma nyumba yao tarehe 19 Juni 1939 akiwa na miaka 12, alianza safari yake ya miguu kuelekea Washington akiwa na miaka 89 kudai siku hii itambuliwe. Sheria ilitiwa saini tarehe 17 Juni 2021.

Mwaka jana mwenzangu kazini, mama mtu mzima mzaliwa wa Galveston, alileta vyakula vya siku hiyo: tikiti maji, soseji nyekundu, soda nyekundu. Wekundu, aliniambia, ni damu ya waliotangulia. Mimi nilipeleka juisi nyekundu ya choya niliyoichemsha kwa tangawizi na karafuu. Akanusa, akanywa kidogo, akaishika bilauri kwa mikono miwili. Akasema bibi yake alikuwa akipika kitu kama hiki kila Juni. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote: "Na kwenu utumwa ulikwisha lini?"

Sikuwa na jibu. Mimi, mtoto wa Pangani, mji ambao misafara ya pembe na watumwa iliishia.

Nikaenda kusoma. Tarehe 5 Juni 1873, Juni hiihii, Sultani Barghash alitia saini mkataba Unguja baada ya Waingereza kutishia kuzingira kisiwa kwa manowari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Mimi nilikua nikiamini kwamba utumwa uliishia hapo. Kilichopigwa marufuku ni biashara. Kummiliki mtu kuliendelea. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujikimu, naye bwana wake alipwe fidia. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Pwani ya Kenya ni 1907. Tanganyika ni 1922, na wakati huo mama yake bibi yangu alikuwa msichana anayeteka maji.

Lugha yetu inakumbuka hata sisi tunapokaa kimya. Mwenye adabu tunamwita mwungwana, na mwungwana kwanza ni yule asiye mtumwa. Nilipokuwa na miaka 11 posa ya mjomba wangu ilirudishwa. Nikiwa nimelala mkekani nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba upande wetu "hatuna asili". Nilidhani wanasema hatuna fedha.

Kwa hiyo, kaka, Alhamisi mimi niko Emancipation Park tangu asubuhi na dumu la choya. Tutakaa kama wageni, tutasikiliza amri ikisomwa. Mbuzi mlete huko.

Tarehe 5 mwezi huu nilimpigia simu mama mkubwa Pangani. Nikamwuliza mama yake bibi alitoka wapi. Kimya kikawa kirefu, nikadhani simu imekatika. Ndipo akasema: "Alitoka bara, mwanangu. Mengine njoo nikwambie hapa, hayo si ya kwenye simu."

Nimeomba likizo ya Desemba.