Kompyuta Niliyoinunua Mwenyewe Inaniuliza Mimi ni Nani

Katika nyumba hii ya Katuba mimi ndiye ninayelipa umeme hata mwezi ambao umeme wenyewe haukuonekana, mimi ndiye ninayenunua unga wa bukari, na mimi ndiye niliyeibeba kompyuta ile begani kutoka katikati ya mji wa Lubumbashi kwa sababu mwenye teksi alitaka nimlipie nafasi mbili. Kwa hiyo nadhani nina haki ya kukasirika pale ninapobonyeza CD ya harusi yangu mwenyewe, harusi ambayo bwana arusi nilikuwa mimi na si mwingine, halafu mashine inanijibu kwa Kifaransa cha ofisini: «Permission non accordée». Haisemi ni nani aliyeninyima ruhusa, wala haisemi nipange foleni kwenye dirisha gani ili niiombe.

Kompyuta hiyo inaendeshwa na mfumo uitwao Linux. Aliyeisimika ni mtoto wa yaya wangu, yaani wa ndugu yangu mkubwa, baada ya flashi za wanafunzi wa mtaa mzima kuijaza virusi mpaka ikashindwa hata kuwaka. Virusi vimekwisha, hilo nalikubali mbele ya mashahidi. Lakini siku ya kuisimika alijiandika yeye kuwa mtumiaji wa kwanza, na mifumo ya ukoo wa Debian, ambao ni mmoja wa koo za Linux, humpa mtumiaji wa kwanza uanachama katika vikundi vyote vya maana: cha sauti, cha video, cha CD, na kile cha sudo ambacho ndicho chenye mamlaka. Kisha akatufungulia akaunti mimi na binti yangu, sisi tuliokuja nyuma, tukapewa kila mmoja folda yake ya nyumbani na kutakiwa heri, naye akarudi kazini kwake Kolwezi.

Nimeelezwa kwamba tabia hii ni ya kurithi. Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, alifuata desturi za Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969 katika maabara za Bell, zama ambazo mashine moja ilihudumia watu wengi na ilikuwa busara kumzuia huyu asichungulie mafaili ya yule. Nawaelewa wazee hao. Nyumbani kwangu, hata hivyo, mtu pekee wa kuogopwa ni mama mkwe, na mama mkwe hana akaunti.

Ndiye huyo huyo aliyetoka Kipushi, kilomita 30 za vumbi na malori, akiwa na hoja moja tu, kwamba anataka kuona picha za harusi. Asubuhi ile binti yangu alikuwa amekwisha kuitumbukiza CD akiwa ndani ya akaunti yake, akajichagulia picha za kuweka kwenye simu, halafu akaenda kwenye mazoezi ya kwaya na kuacha kila kitu wazi. Nikabadilisha mtumiaji, nikaingia kwa jina langu, nikaifuata CD. Kumbe Linux ilikuwa imeifungulia ndani ya folda iliyoko chini ya /media, yenye jina la binti, na mlango wa folda hiyo humfungukia binti peke yake. Nikasema basi niitoe niitumbukize upya. Hapo kikachomoza kidirisha kikanieleza, kwa adabu kubwa, kwamba CD hii imefunguliwa na mtumiaji mwingine, na anayetaka kuifunga sharti aandike neno la siri la msimamizi. Msimamizi yuko Kolwezi. Mama mkwe yuko kitini, miwani amekwisha kuvaa. Nikatoka katika akaunti yangu kwa hasira.

Mke wangu akamwita kaka mmoja jirani, anayetengeneza simu katika soko la Kenya, ile Kenya ya hapa hapa Lubumbashi, na ambaye kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Fundi alikataa kugusa kibodi yetu, kwa kuwa herufi A yake haibonyezeki tangu iliponyweshwa chai, akaamua kuiingia kompyuta kwa mbali kutoka kwenye simu yake, kwa jina langu, ili ainakili CD nzima kama ilivyo. Akaandika amri yake, na jibu likaja lile lile la Kifaransa. Ndipo aliponionyesha mstari ambao sitausahau: brw-rw----, kisha root, kisha cdrom, kisha /dev/sr0.

Hiyo /dev/sr0 ndiyo jina la serikali la kiendeshi cha CD. Herufi rw za kwanza zinampa mwenye mali haki ya kusoma na kuandika, na mwenye mali ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, mtu ambaye sijawahi kumwona akichangia hata ndoo ya maji. Herufi rw za pili zinakipa haki hiyo hiyo kikundi kiitwacho cdrom. Mwishoni kuna vistari vitatu vitupu, ambavyo ndivyo fungu la watu wengine wote duniani, na katika hao wengine wote nimo mimi, baba mwenye nyumba, nimesimama sambamba na wezi na wapita njia.

Kikundi hicho kinaendeshwa kwa sheria za likelemba, yaani upatu: kikao kinaweza kufanyika sebuleni kwako, viti vikawa vyako na soda umenunua wewe, lakini kama jina lako halimo katika daftari hugusi hata faranga moja. Ubaya ni kwamba likelemba ya mke wangu ina mama mtunza daftari unayeweza kumbembeleza, ilhali ya cdrom inabembelezwa kwa amri peke yake.

Tukapiga simu Kolwezi, tukapewa neno la siri baada ya maombi na viapo. Fundi hakupoteza muda na daftari, alikipiga kiendeshi chmod 666, maana yake kila mtu asome na kila mtu aandike, na kweli unakili ukaanza. Nikamwona ni mtu mkubwa. Ukafika karibu nusu ya zile megabaiti 700, umeme ukakatika. Uliporudi nilijifunza jambo ambalo waliotunga mfumo huu bila shaka hawakuona kuwa ni kero, kwa kuwa kwao umeme haukatiki: faili ya /dev/sr0 huundwa upya kila kompyuta inapowaka, pamoja na ruhusa zake za asili, kwa hiyo chmod ya fundi ilikuwa imekufa na taa. Mahali ambapo mashine huwaka mwaka mzima dawa hiyo yaweza kudumu mpaka watoto wahitimu, lakini Katuba haifiki wakati wa kusonga bukari.

Basi fundi akasema sasa atafanya kazi ya kudumu. Simu yake ilikuwa imezima, kwa hiyo akakaa mbele ya kibodi iliyonyweshwa chai, akaingia katika akaunti ya mtoto wa yaya na kufungua dirisha jeusi la amri. Akaeleza kwamba kwa heshima ataanza kwa kumwandika mwenye akaunti hiyo katika kikundi cha cdrom, aone kama amri inakubali, kisha aniandike mimi. Amri sahihi ni usermod -aG cdrom, ikifuatwa na jina la mtu. Naomba msomaji aitazame kwa makini amri hiyo. Haina A hata moja popote, isipokuwa ile moja iliyo mbele ya G, na hiyo moja ndiyo inayosema «ongeza». Ikikosekana, usermod haiongezi kikundi, inakifanya kile ulichokitaja kuwa orodha nzima na kumfuta mtu katika vikundi vyake vingine. Fundi akabonyeza A, A haikuitikia, naye macho yake yalikuwa kwenye sahani ya sombe iliyokuwa ikipita. Kompyuta ikaipokea amri kimya, bila hata kukohoa.

Akatoka, akaingia tena, kwa sababu uanachama mpya hauhesabiwi mpaka mtu atoke na kuingia upya. Alipojaribu kuniandika mimi, mashine ikamjibu kwamba mtu huyu hana haki ya kutumia sudo na kwamba tukio hili litaripotiwa. Litaripotiwa kwa nani? Kwa root! Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu msimamizi alikuwa amefukuzwa usimamizi na fundi kwa ajili ya kikombe cha chai, mshitakiwa akiwa ni yeye msimamizi aliyeko Kolwezi, asiyejua lolote.

Mama mkwe akauliza kama harusi ile ilifanyika kweli.

Uokoaji ulichukua muda na vocha mbili. Mtoto wa yaya, kwa sauti ya mtu anayejizuia mbele ya mkubwa wake, aliagiza tuazime kibodi nzima, tuwashe kompyuta upya, na katika orodha inayotangulia tuchague hali ya uokoaji, ambako mtu huwa root bila kuulizwa nywila. Huko tukaiamuru diski ikubali kuandikwa, tukamrudishia vikundi vyake kimoja kimoja, safari hii kwa -aG yenye A inayoonekana kwa macho, na jina langu likaingia katika daftari la cdrom. Nikaingia katika akaunti yangu, nikabonyeza CD mara moja, picha zikafunguka.

«Ba mdogo,» akasema kijana simuni, «hata bila kikundi ingefunguka. Linux humpa kiendeshi yule aliyeketi mbele ya skrini wakati huo. Fundi alikuwa ameingilia kwenye simu, ndiyo maana akakataliwa. Na umeme uliporudi, CD ilikuwa inaonekana upande wa kushoto wa dirisha la mafaili muda wote.» Fundi akakumbuka kwamba ana mteja sokoni.

Picha zilimpendeza mama mkwe mpaka alipomwona yule aliyekuwa mume wa shemeji yangu, amesimama mstari wa mbele na tai nyekundu. Akataka afutwe humo kwenye CD, leo hii, na mimi sasa nina ruhusa. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba CD ya namna hii ikishachomwa kwa mwanga wa leza haifutiki, kwamba hilo si suala la kikundi wala la nywila, na kwamba huyo root mwenyewe angejibiwa kuwa CD ni ya kusomwa tu. Ningeweza kuzinakili picha kwenye diski na kumkata bwana tai katika nakala. Alinitazama kwa namna iliyoonyesha kwamba ananihesabu kuwa upande wa bwana tai.

Umeme ukakatika tena, CD ikiwa ndani. Nilikuwa naanza kumweleza kwamba tusubiri, alipochomoa kibanio cha karatasi kutoka kwenye risiti zake za ada ya shule, akakinyoosha kwa meno, akakichomeka katika kile kitundu kidogo kilicho usoni mwa kiendeshi cha CD na ambacho nilidhani ni cha kupitisha hewa. Kisahani kikatoka taratibu, bila neno la siri. Akaitia CD ndani ya mkoba, akaniambia kwamba jirani yake kule Kipushi ana deki inayoonyesha picha na haijawahi kumuuliza mtu jina.